Ufa katika Chuma cha Kusubu: Joto, Kusinyaa na Njia za Kuunga

Chuma cha kusubu, ambacho mafundi wengi wa gereji hukiita kasti, ni chuma kilichochanganyika na kaboni ya asilimia 2 hadi 4 na silikoni ya asilimia 1 hadi 3. Chuma laini kinachotengenezewa mageti na madirisha hakina hata asilimia 0.3 ya kaboni. Tofauti hiyo huonekana ndogo ikiandikwa kwa tarakimu, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini kasti ni rahisi kumimina, kwa nini hunyonya mtikisiko wa mashine, kwa nini hupasuka badala ya kupinda, na kwa nini fundi hodari wa mageti anaweza kuiharibu kabisa silinda hedi kwa robo saa. Kasti huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,150 hadi 1,200 hivi za Selsiasi, ilhali chuma laini husubiri mpaka karibu 1,500. Ikishayeyuka hutiririka vizuri na kujaza kalibu hadi kwenye kona nyembamba. Kwa sababu hiyo bloku za injini, maganda ya giaboksi na ya pampu, miili ya mashine za kusaga nafaka, majiliwa na vichwa vya cherehani za zamani vyote hutengenezwa kwa kasti.

Chuma kikipoa hakiwezi kubeba kaboni yote hiyo ndani yake. Sehemu kubwa hujitenga na kuwa grafiti, kitu kilekile kilichomo ndani ya penseli. Katika kasti ya kijivu, ambayo ndiyo ya kawaida kuliko zote, grafiti hujipanga kama vipande vyembamba vilivyotapakaa kila upande. Kwa uzito ni asilimia 3 tu, lakini kwa kuwa grafiti ni nyepesi sana ikilinganishwa na chuma, huchukua karibu moja ya kumi ya ujazo. Grafiti haina nguvu ya kushika. Kila kipande ni mwanya tayari ndani ya chuma, na kasti ya kijivu inapovutwa, mianya hiyo huungana haraka. Ikigandamizwa, mianya hufungwa, ndipo nguvu yake inapokuwa mara tatu hadi nne ya ile ya kuvutwa. Wahandisi wa karne ya 19 walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Daraja la reli la Tay huko Scotland lilipoanguka usiku wa tarehe 28 Desemba 1879 na treni ikiwa juu yake, vishikio vya chuma cha kusubu vilivyokuwa vikivutwa na vyuma vya mshazari vilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kukatika.

Namba mbili zikiwekwa pamoja huonyesha ugumu wote wa kuchomelea. Kasti ya kijivu huvutika chini ya asilimia 1 kisha hukatika. Chuma laini huvutika zaidi ya asilimia 20. Chuma kilichoyeyushwa kutoka kwenye rodi, tangu kinapoganda hadi kinapofikia joto la mkono, husinyaa kwa zaidi ya asilimia 1. Maana yake ni kwamba mshono uliowekwa juu ya kasti baridi, ukiachwa upoe wenyewe, unadai kutoka kwa kasti mvutiko ambao kasti haina. Kitu fulani lazima kiachie. Mara nyingi kinachoachia ni kasti iliyo kandokando ya mshono, na mlio wake mfupi wa kukatika husikika gereji nzima dakika chache baada ya fundi kuzima mashine. Kazi yote inayoelezwa hapa chini, iwe ya moto au ya baridi, ni namna ya kupunguza, kugawa au kukwepa kule kusinyaa. Aina ya rodi inafuata baadaye.

Tatizo la pili liko ndani ya ukanda mwembamba unaopakana na mshono. Kasti ikipita nyuzijoto 730 hivi, kaboni ya grafiti huanza kuyeyukia ndani ya chuma kigumu, kama chumvi inavyoingia ndani ya maji. Karibu kabisa na mshono kasti yenyewe huyeyuka. Ukanda huo ukipoa haraka, kaboni haipati muda wa kurudi kwenye grafiti. Palipoyeyuka hufanyika kabidi ya chuma, kitu kigumu ambacho hata keekee nzuri huteleza juu yake. Palipopata joto bila kuyeyuka hufanyika martensaiti, muundo uleule wa tindo iliyozimwa majini bila kupunguzwa ukali. Ukanda wenyewe unaweza kuwa na upana usiofika milimita moja, lakini ndipo mshono wote unaposhikilia. Kinachoupoza haraka hivyo si hewa. Ni kasti baridi iliyouzunguka, ambayo hufyonza joto kwa pupa.

Kabla ya kuamua lolote, fundi anapaswa kujua ana kasti ya aina gani mkononi. Kasti ya kijivu ikitobolewa kwa drili hutoa unga na chembe fupi zinazochafua vidole kwa weusi. Chuma laini hutoa nyuzi ndefu zilizojiviringisha. Kwenye jiwe la kusagia, cheche za kasti ni fupi na nyekundu hafifu, wakati za chuma laini hurefuka na kung'aa. Ikigongwa kwa nyundo, kasti ya kijivu hutoa mlio mfu. Kasti ya vinundu hulia karibu kama kengele. Kasti ya vinundu ni ile ambayo grafiti yake imefanywa kuwa duara kwa kutiwa magnesi kidogo kabla ya kumiminwa, njia iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943 na kutangazwa miaka mitano baadaye. Duara halichani chuma kama kipande chembamba kinavyofanya, kwa hiyo kasti hii hupinda kabla ya kuvunjika na huvumilia kuchomelewa zaidi. Leo hutumika kwa mabomba ya maji, krenkishafti nyingi na vishikio vya springi za malori. Kasti nyeupe, ambayo kaboni yake yote imefungwa ndani ya kabidi, hupatikana kwenye mipira ya kusagia mawe na sahani za mashine za kusaga. Mahali ilipovunjika hung'aa kama fedha. Hiyo haichomelewi. Ile iliyolainishwa kwa kuokwa siku kadhaa, ambayo viungio vingi vya mabomba hutengenezwa nayo, hugeuka tena kuwa nyeupe ikiyeyushwa, kwa hiyo dawa yake ni kuiunga kwa shaba ya manjano.

Swali linalofuata, na ambalo huachwa mara nyingi, ni kwa nini ufa ulitokea. Katika nchi za baridi kali bloku nyingi hupasuka kwa sababu maji yaliyobaki ndani yake huganda na kutanuka. Afrika Mashariki sababu kubwa ni kinyume chake. Lori lililobeba mzigo linapanda mlima Kitonga, rejeta ina maji matupu yenye kutu badala ya dawa ya kupozea, njia za maji ndani ya silinda hedi zimejaa magamba ya chokaa, na mshale wa joto umekufa tangu mwaka jana. Injini ikichemka, dereva husimama na kumimina ndani yake maji ya mtoni. Upande mmoja wa ukuta wa silinda hedi unabaki na joto la mamia ya nyuzi, mwingine unashuka ghafla. Ufa huanzia kwenye daraja jembamba lililo kati ya tundu la vali ya kuingizia na ya kutolea, kwa sababu hapo ndipo chuma ni kidogo na joto ni kubwa. Ufa wa namna hiyo ukiunganishwa vizuri na lori likarudi barabarani na rejeta ileile, utarudi. Vivyo hivyo kwa ganda la mashine ya kusaga mahindi lililopasuka kwa sababu beringi imelegea na shafti inapiga: kuunga ganda bila kubadilisha beringi ni kupoteza rodi.

Ukishajulikana chanzo, hutafutwa urefu halisi wa ufa, na hapa macho hudanganya. Ufa wa kasti huendelea mbele ya pale unapoonekana, ukiwa mwembamba kuliko unywele. Njia ya zamani ni nafuu na bado inaaminika. Sehemu husafishwa hadi ikauke, hupakwa mafuta ya taa, huachwa kwa muda ili mafuta yaingie ndani, kisha hufutwa kabisa kwa kitambaa kikavu na kupakwa maji ya chokaa au chaki nyeupe. Chokaa ikikauka, mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Mstari ukigongwa nyundo taratibu huongezeka urefu, na ncha zake halisi hujitokeza. Dawa za rangi nyekundu na kipulizio cheupe zinazouzwa madukani hufuata kanuni ileile kwa usahihi zaidi. Kwenye kila ncha, milimita chache mbele ya mwisho wake, hutobolewa tundu la milimita 3 hadi 5. Ncha ya ufa ni kali, na mvutano wote hujikusanya hapo. Tundu la duara huutawanya na kuuzuia ufa usikimbie wakati joto linapoingia.

Mfereji wa umbo la V huchimbwa kufuata ufa wote, wenye uwazi wa nyuzi 60 hadi 90, na kingo zake za juu hulainishwa zisiwe kali. Patasi na keekee hufanya kazi hii vizuri kuliko jiwe la kusagia, kwa kuwa jiwe hupaka grafiti juu ya uso kama mkono unavyopaka penseli kwenye karatasi. Halafu kuna mafuta. Bloku iliyofanya kazi miaka ishirini imefyonza mafuta kupitia grafiti yake, na kuosha kwa petroli huondoa ya juu tu. Ikichomelewa hivyo, mafuta huchemka na kutoka kama gesi katikati ya mshono, nao hujaa vitundu mfano wa andazi. Dawa ni kuipasha sehemu hiyo hadi nyuzijoto 350 au 400 na kuacha moshi wote utoke, kisha kusugua kwa brashi ya waya. Fundi mwenye subira huweka pia mshono mfupi wa majaribio: ukijaa vitundu, huukata wote, husafisha na kurudia. Mara ya pili au ya tatu mshono hutulia.

Njia ya baridi ndiyo inayotumika zaidi kwa sehemu ambazo haziwezi kufunguliwa wala kuingia tanuri, na ndiyo inayodai nidhamu kubwa kuliko zote. Kanuni yake ni kuingiza joto dogo kiasi kwamba kasti isijue kwamba imechomelewa. Rodi ya nikeli ya milimita 2.5 hutumika kwa umeme mdogo, amperi 60 hadi 80 hivi, na cheche huwashwa ndani ya mfereji, kamwe si juu ya uso ulio pembeni. Mshono mmoja hauzidi sentimita 2 au 3. Rodi haizungushwi; hupelekwa moja kwa moja, na shimo la mwisho hujazwa kabla rodi haijanyanyuliwa. Papo hapo, mshono ukiwa bado mwekundu, hugongwagongwa kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo. Mapigo ni mepesi na ya haraka. Kila pigo huulazimisha mshono kutanuka kidogo, na hivyo kufidia kule kusinyaa ambako kungeivuta kasti. Kisha fundi husubiri. Hasubiri dakika kwa saa. Husubiri mpaka aweze kuweka kiganja karibu na mshono na kukiacha hapo bila kuungua. Mshono unaofuata huwekwa mbali na ule wa kwanza, pengine kwenye ncha nyingine ya ufa, ili joto lisirundikane mahali pamoja. Ufa wa sentimita 20 unaweza kuchukua nusu siku. Anayeumaliza kwa dakika kumi ameandaa ufa mwingine sambamba na wa kwanza.

Nikeli imechaguliwa kwa sababu za msingi. Haishikani na kaboni kutengeneza kabidi, kwa hiyo mshono wenyewe hubaki laini na huweza kutobolewa na kusawazishwa. Kaboni inayopanda kutoka kwenye kasti hujitenga ndani ya mshono kama grafiti, na kwa kuwa grafiti hutaka nafasi kubwa, hupunguza kusinyaa. Rodi zenye nikeli karibu tupu, ambazo pakiti zake huandikwa ENi-CI, hutoa mshono laini kabisa na hufaa kwa sehemu nyembamba na zitakazokwenda kwenye mashine ya kusawazisha. Zile za nikeli ya asilimia 55 hivi na chuma, ENiFe-CI, ni imara zaidi, hutanuka kwa kiwango kinachokaribiana na cha kasti, huvumilia fosforasi na hufaa kwa sehemu nene na kasti ya vinundu. Hata hivyo nikeli haiondoi ule ukanda mgumu ulio upande wa kasti. Huufanya mwembamba tu.

Rodi za kawaida za mageti, E6013, ndizo zinazoharibu kazi nyingi kando ya barabara. Chuma chake kikichanganyika na kasti hunywa kaboni na kugeuka chuma kigumu kisichokatika kwa tupa, kisha husinyaa kuliko nikeli. Mshono huonekana mzuri kwa macho, na wiki ileile hung'oka mzima ukiwa umebeba ngozi ya kasti chini yake. Sababu ya kuzitumia ni bei, kwa kuwa nikeli huuzwa ghali mara nyingi zaidi, na fundi hawezi kulaumiwa kwa bei. Lakini kuna njia nafuu iliyo bora kuliko hiyo, nayo ni shaba ya manjano.

Katika kuunga kwa shaba, kasti haiyeyushwi kabisa. Moto wa gesi ya oksijeni na asetilini huipasha mpaka wekundu hafifu, na fito ya shaba yenye zinki, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 870 hadi 900, hutiririka juu yake kwa msaada wa borasi na kushika kama lehemu inavyoshika waya. Kwa kuwa kasti haikuyeyuka, kabidi haifanyiki. Kwa kuwa shaba ni laini, hukubali kuvutika wakati wa kupoa. Jambo la kuangalia ni usafi wa uso. Shaba haishiki juu ya grafiti, kwa hiyo uso huchongwa kwa tupa au hupitishwa moto wenye oksijeni ya ziada ili grafiti ya juu iungue. Shaba ikiviringika kama tone la maji juu ya jani la mgomba, uso bado ni mchafu; ikitandaa, imeshika. Mipaka yake iko wazi. Juu ya nyuzijoto 260 hivi shaba hupoteza nguvu, ndiyo maana haifai kwa manifodi ya eksosi. Rangi yake haifichiki. Na kwenye maji ya bahari, kwa mfano mwili wa pampu ya kupozea injini ya mashua ya Mombasa au Unguja, shaba na chuma vikiwa pamoja huanzisha kutu inayokula chuma kando ya kiungo. Kwa mwili wa jiliwa, ganda la mashine ya kusaga, mguu wa injini au kapi, ni njia safi ambayo haijapata heshima inayostahili.

Njia ya moto ndiyo inayotoa kiungo kinachofanana zaidi na kasti yenyewe. Sehemu nzima hupashwa taratibu, saa baada ya saa, hadi nyuzijoto 500 hadi 650, kiwango ambacho gizani wekundu wake huanza kuonekana. Huchomelewa ikiwa katika joto hilo, kwa moto wa gesi na fito ya kasti yenye silikoni nyingi, au kwa umeme. Kasti ikishakuwa na joto hilo kote, mshono na mwili husinyaa pamoja, na ukanda wa pembeni hupoa polepole kiasi cha kaboni kurudi kwenye grafiti. Tanuri la matofali ya kuchoma lililojengwa kuizunguka sehemu, likawashwa mkaa na kufunikwa bati, hutosha kwa kazi nyingi. Kazi ikiisha, sehemu hubaki ndani ya tanuri lililozibwa au huzikwa ndani ya majivu, chokaa kavu au mchanga mkavu uliopashwa, na haifukuliwi mpaka kesho yake au kesho kutwa. Upepo wa mlangoni unatosha kuipasua. Gharama ya njia hii ni kwamba nyuso zilizochongwa hupinda na kupata magamba, kwa hiyo silinda hedi lazima isawazishwe upya na viti vya vali vibadilishwe.

Kati ya baridi na moto kamili kuna kishawishi cha kupasha sehemu moja tu, na hapo ndipo jiometri inapotakiwa kufikiriwa. Mfano bora ni gurudumu la mkono la mashine lenye mikono mitano, mmoja ukiwa umevunjika. Fundi akipasha mkono uliovunjika na kuuchomelea, utasinyaa wakati duara la nje na mikono mingine imekaa palepale, nao utakatika tena au utang'oa duara. Akipasha kwanza duara la nje kwenye sehemu inayoukabili mkono huo, duara hutanuka na kuufungua ufa kwa nusu milimita au zaidi. Mkono huunganishwa ukiwa wazi hivyo, kisha vyote hupoa pamoja na kurudi kwenye nafasi zake bila mvutano. Hesabu yake ni nyepesi: kasti hutanuka sehemu 11 hivi kwa milioni kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo sentimita 20 zikipashwa kwa nyuzi 300 hurefuka milimita 0.66. Kwa kasti, hiyo ni tofauti kati ya kupona na kukatika.

Kwa sehemu nene sana, kuna mbinu ya kupandikiza skrubu. Matundu hutobolewa kwenye kuta za mfereji, hutiwa nyuzi, na skrubu za chuma laini hukazwa ndani zikiacha vichwa vimejitokeza milimita 5 au 6. Mshono hushika skrubu, na skrubu hushika kasti iliyo ndani zaidi ya ule ukanda dhaifu. Uchomeleaji wa umeme ulijipatia jina kwenye kasti nene za namna hiyo. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza, tarehe 6 Aprili 1917, ilizitwaa meli za Ujerumani zilizokuwa zimekwama bandarini mwake, zikiwemo Kaiser Wilhelm II na Grosser Kurfürst. Mabaharia wa Kijerumani walikuwa wamezivunja injini zake za mvuke, hasa silinda kubwa za kasti, wakiamini kwamba hazitengenezeki na kwamba kumimina mpya kungechukua muda mrefu mno. Wahandisi wa jeshi la majini la Marekani walichonga vipande vya kuziba mapengo na kuvichomelea kwa umeme mahali pake, ndani ya meli. Baada ya miezi michache meli hizo zilikuwa zikibeba askari kwenda Ufaransa. Waliozivunja walikuwa wataalamu wa injini, na hesabu yao ilikuwa sahihi kwa ufundi wa miaka kumi iliyotangulia.

Ipo pia njia isiyotumia moto hata kidogo. Ufa hushonwa: matundu hutobolewa yakikatiza ufa, vipande vya aloi ya nikeli vyenye umbo la mnyororo hupigwa ndani yake, kisha ufa wenyewe hujazwa skrubu zinazopandana kidogo, moja juu ya ukingo wa nyingine, mpaka mstari wote umezibwa. Hakuna kusinyaa, hakuna ukanda mgumu, na uso uliochongwa haupindi. Kwa bloku kubwa ya injini ya meli au ya jenereta, ambayo kuipasha ni sawa na kuiua, mara nyingi hii ndiyo njia ya kwanza kufikiriwa. Hudai drili imara, vipimo na saa nyingi. Gundi za epoksi zenye unga wa chuma hufaa kwa ufa wa upande wa maji usiobeba nguvu wala joto kubwa, na haifai kuziamini zaidi ya hapo.

Kiungo kikipoa hupimwa kabla ya kuaminiwa. Mafuta ya taa na chokaa hurudi tena. Silinda hedi huzibwa matundu yake ya maji, hujazwa hewa ya shinikizo la baa 2 hadi 4, na kuzamishwa ndani ya maji ya moto ya nyuzijoto 70 au 80. Viputo vidogo hufichua kilichobaki. Maji ya moto ni muhimu, kwani kuna nyufa zinazofunga zikiwa baridi na kufunguka injini ikipata joto. Usalama wa fundi nao huangaliwa tangu mwanzo. Moshi wa nikeli ni sumu kwa mapafu, na moshi mweupe wa zinki kutoka kwenye shaba huleta homa jioni yake. Kazi hufanywa penye hewa, kukiwa na feni inayovuta moshi mbali na uso. Uwazi wowote uliofungwa ndani ya sehemu hutobolewa kwanza, kwa kuwa hewa na mafuta vilivyofungiwa humo huweza kulipuka.

Kuna sehemu ambazo hazipaswi kuchomelewa hata na fundi aliye bora. Dramu ya breki ni ya kwanza. Lori linaloshuka Kitonga huzipasha dramu zake mpaka zibadilike rangi, na nyufa ndogondogo za joto zinazoonekana ndani yake ni dalili ya chuma kilichochoka kote. Mshono ndani ya dramu ni hatari kwa abiria wa gari lolote litakalokutana na lori hilo. Gurudumu zito la injini linalozunguka kwa kasi, ndoano na kapi za kunyanyulia mizigo, na sehemu za usukani ziko kwenye kundi hilohilo. Kwa hizi, mwenye chombo akisema hana fedha ya kununua nyingine, jibu sahihi la fundi ni kukataa kazi. Nyingine hukataa zenyewe: nyavu za jiko, milango ya tanuri na manifodi za zamani zilizopashwa na kupozwa miaka mingi zimeungua hadi ndani, oksijeni ikifuata njia za grafiti. Rodi haishiki chochote pale ila kutu.

Uamuzi wa kuunga au kubadilisha hutegemea hesabu ya vitu vitatu: bei ya sehemu mpya, muda wa kuisubiri, na kinachotokea kiungo kikishindwa. Silinda hedi iliyotumika ya lori linalopatikana kwa wingi inaweza kuwa nafuu kuliko pakiti ya rodi za nikeli, siku mbili za fundi na kazi ya kusawazisha. Mambo hubadilika kwa injini ya zamani ya Lister au moja ya nakala zake za India zinazoendesha mashine ya kusaga kijijini. Ganda lake likipasuka, kijiji kizima hutembea hadi mashine ya jirani, na spea huenda isipatikane wiki ile. Hapo kiungo cha shaba kilichofanywa kwa uangalifu kina thamani kubwa.

Sehemu ikiwa haiungiki na haiuzwi tena, hubaki kumiminwa mpya. Viwanda vya kusubu vipo Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na sehemu ya zamani yenyewe inaweza kutumika kama kielelezo cha kuchorea kalibu kwenye mchanga. Vipande vyake huunganishwa kwa muda, hata kwa epoksi, kwa kuwa havitabeba mzigo wowote. Kasti ya kijivu husinyaa kwa takriban asilimia 1 ikiganda na kupoa, na nyuso zitakazochongwa huhitaji milimita kadhaa za ziada, kwa hiyo kielelezo hunenepeshwa kwa mbao, nta au lipu kabla ya kukandikwa mchanga. Bila hivyo sehemu mpya hutoka ndogo na matundu yake ya bolti hayakutani na ya mashine.